Spika, bata wa betri au filimbi ya mdomo: kanuni ipi ya kuwinda bata inafaa bonde la Ruvu?

Bata wenye uso mweupe hawafichi safari zao. Jua likishazama hutoka kwenye madimbwi walikoshinda, hupita juu ya paa zetu wakipiga ule mluzi wao wa sauti tatu, huenda kula mashambani. Hula usiku hao. Aliyekulia bondeni Ruvu, upande huu wa Bagamoyo, anaujua mluzi huo kama anavyoijua adhana ya msikiti wa jirani: unakuja, unapita kichwani, unapotelea upande wa mikoko.

Ndiyo maana usiku mmoja, mpunga ukiwa ndio kwanza unatoa mashuke, nilitoka nje nikasimama uani. Mluzi ulikuwa umeganda mahali pamoja. Kwa robo saa nzima ulitoka pale pale, karibu na mfereji mkuu, kwa mpangilio ule ule. Unanyamaza kidogo, unaanza tena mwanzo. Halafu ikawaka taa, na bunduki ikalia mara tatu. Asubuhi tulikuta kwenye majaruba manyoya, maganda ya risasi, na ndege ambao hakuna aliyewataka: yangeyange wawili na kukuziwa mmoja. Spika ndogo ya blututhi, ya kuenea kiganjani, ilikuwa imesahauliwa juu ya tuta, bado inapepesa taa yake ya buluu.

Tangu siku hiyo kamati yetu ya maliasili imepewa kazi ya kuandaa rasimu ya sheria ndogo kuhusu vifaa vya umeme katika uwindaji wa ndege wa majini. Mezani yapo mapendekezo manne. La kwanza linasema mwenye leseni atumie kifaa chochote, mradi asizidishe idadi ya ndege iliyoandikwa kwenye leseni yake. La pili linapiga marufuku kila kitu chenye betri. La tatu linazuia sauti na mwanga tu, na kuwaacha bata bandia, hata wale wenye mota. La nne linataka vifaa viruhusiwe kwa msimu fulani, au kwa aina fulani ya ndege wanaoharibu mazao. Nayaweka hapa sambamba kwa ajili ya wajumbe wenzangu na kwa vijiji jirani vinavyojadili jambo hili hili. Upande wangu ninao, na nitausema waziwazi.

Uwezo wetu unaishia wapi

Kijiji hakianzi na karatasi tupu. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inamtaka mwindaji awe na leseni, na tayari inakataza sumu, mitego na taa za kumulikia. Sheria ndogo, ikishapita kwenye mkutano mkuu wa kijiji na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya, inaweza kubana zaidi ya hapo. Haiwezi kulegeza. Kwa hiyo lile jambo la tochi lilikuwa kosa usiku ule ule, bila kusubiri rasimu yetu, na pendekezo la kwanza limepungukiwa mguu mmoja kabla hatujaanza kulijadili.

Kuna na mkataba wa kuhifadhi ndege wa majini wanaohama kati ya Afrika, Ulaya na Asia, maarufu kwa kifupi chake AEWA. Ulianza kutumika Novemba 1999, na Tanzania ni mwanachama. Mpango kazi wake unazitaka nchi zizuie njia za kukamata ndege zisizochagua, na katika kuzitaja njia hizo umeweka pamoja ulimbo, mitego, taa, sumu, vinasa sauti na vifaa vingine vya kielektroniki. Umeacha mlango kwa watu wanaotegemea ndege kwa riziki, ilimradi uvunaji uwe endelevu. Nadhani mlango huo unamhusu zaidi babu mwenye gobore anayetafuta kitoweo kuliko mtu anayekuja na gari Ijumaa jioni kutoka Dar es Salaam akiwa na sanduku la vifaa.

Sauti na sura si kitu kimoja

Kwenye kikao chetu cha kwanza tulipoteza saa nzima kwa sababu tulikuwa tunasema "vifaa" kana kwamba vyote ni sawa. Havilingani hata kidogo, na mwenye kuchagua kanuni aanzie hapa.

Bata bandia wa mabawa ya kuzunguka ni umbo la plastiki lililosimikwa juu ya kijiti, ndani yake mota ndogo na betri. Bawa lina upande mweusi na upande mweupe. Likizunguka linametameta, na bata aliye mbali angani anaona kama mwenzake anapiga mabawa kutaka kutua. Walianza kuuzwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1990, wakasambaa haraka. Wanafanya kazi mchana, kwa ndege mwenye macho na nafasi ya kuangalia. Akikaribia anaweza kushtuka akageuka, na wawindaji wa kule wenyewe wanasema kadiri msimu unavyokwenda, bata waliokwisha kupigiwa risasi huyakwepa yale mabawa. Mwindaji naye anamwona ndege anayekuja, anaweza kujua ni aina gani kabla hajafyatua.

Spika ni habari nyingine. Inafanya kazi gizani, inafika mbali kuliko jicho, hasa alfajiri kukiwa kumetulia na maji hayana wimbi, na haichoki. Filimbi ya mdomo huchoka na mwenye mdomo. Tena asiyejua kuipiga huwafukuza ndege badala ya kuwaita, kwa hiyo ujuzi wenyewe unaweka mpaka. Sauti iliyorekodiwa haihitaji ujuzi wowote. Mtu anaipakua kwenye simu, anaiunganisha, anakwenda kukaa pembeni. Na kwa bata wetu wa mluzi, ambao mazungumzo yao yote wanapokuwa gizani ni kwa sauti, kumwekea rekodi ni sawa na kusimama mlangoni kwa mtu usiku ukamwita kwa sauti ya ndugu yake.

Tena wakishatua gizani, mpiga risasi hachagui. Wale yangeyange wawili hawakuitwa na mluzi ule; walikuwa wamelala kwenye mti ulio jirani, wakaruka kwa mshtuko, wakakutana na marisawa, zile punje ndogo zinazotawanyika toka kwenye bunduki.

Tofauti hii wengine waliiona zamani. Marekani ilipiga marufuku chambo cha nafaka na matumizi ya bata hai kama ndege wa kuita mwaka 1935, wakati idadi ya bata ilipoporomoka, na kanuni za serikali kuu zinazuia sauti zilizorekodiwa au kukuzwa kwa umeme katika uwindaji wa kawaida wa ndege wanaohama. Filimbi ya mdomo inaruhusiwa. Uingereza ilikataza kutumia rekodi ya sauti kumvutia ndege wa porini ili auawe au akamatwe, katika sheria yake ya mwaka 1981. Umoja wa Ulaya ulikuwa umekwisha kuviorodhesha vinasa sauti kati ya njia zilizokatazwa tangu agizo lake la ndege la 1979. Bata wa mota, kwa upande mwingine, serikali kuu ya Marekani haikumgusa. Ikayaachia majimbo, na majimbo yakaenda kila moja na njia yake.

Majimbo yalivyojaribu

Hapa ndipo pendekezo la pili na la nne zinapopata ushahidi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Washington na Oregon ziliwahi kuchagua njia ya moja kwa moja: bata wa betri hapana. Arkansas, ambako mashamba ya mpunga yaliyojaa maji huvuta bata wengi ajabu wakati wa baridi, ilipiga marufuku mwaka 2005, kisha ikaondoa marufuku hiyo baada ya misimu michache tu. Jambo hilo naliona zito kwetu, kwa sababu Arkansas ni nchi ya mpunga kama bonde letu. Jimbo moja likizuia na jirani yake akaruhusu, bata ni wale wale, wanapita juu ya mpaka, na aliyezuiwa anajiona anawatunzia wenzake. Kijiji chetu kikizuia na ng'ambo ya mto wakaruhusu, tutayasikia maneno hayo hayo kwenye mkutano wa kwanza tu.

California ilikwenda kwa kalenda. Bata wenye mabawa ya kuzungushwa kwa mota hawaruhusiwi tangu msimu unapofunguliwa hadi tarehe 30 Novemba. Baada ya hapo ruksa. Mabawa yanayozungushwa na upepo hayamo katika katazo hilo. Sababu inaeleweka: mwanzoni mwa msimu wanaopigwa zaidi ni bata waliozaliwa pale pale, kabla makundi makubwa ya kaskazini hayajafika. Unamlinda mwenyeji wako kwanza. Wazo hilo nalipenda, lakini linahitaji watu wanaojua ni lini wageni wanaingia na wenyeji ni wangapi. Marekani na Kanada zimekuwa zikiwahesabu bata kwenye mazalia yao kwa ndege ndogo karibu kila mwaka tangu 1955. Huku kwetu sensa ya ndege wa majini ya Januari hutegemea sana watu wachache wanaojitolea na darubini zao. Kanuni ya kalenda bila hesabu ni kuchagua tarehe kwa kubahatisha.

Mfano mkubwa wa pendekezo la nne ni ule wa bata bukini weupe wa Aktiki. Walizidi mno, kwa sehemu kwa sababu mashamba ya nafaka ya kusini yaliwalisha vizuri wakati wa baridi, nao wakirudi kaskazini wakaing'oa mimea ya kingo za Ghuba ya Hudson hadi ikabaki matope matupu. Mwaka 1999 Marekani ikafungua ruhusa ya pekee: kwa bukini hao tu, na wakati misimu mingine ya ndege wa majini imefungwa, mwindaji anaweza kutumia sauti za umeme, bunduki yenye risasi zaidi ya tatu, na bila ukomo wa idadi kwa siku. Yaani spika ilipotakiwa kuua wengi, ndiyo iliyoletwa. Wenzetu wanaosema "spika haina madhara" walitazame hilo. Na wanaosema "spika itatumalizia ndege waharibifu" walitazame pia, maana pamoja na ruhusa zote hizo idadi ya bukini wale haikushuka kama ilivyotarajiwa.

Nasema hivyo nikijua uchungu wa mkulima. Lakini adui mkubwa wa mpunga na mtama nchini mwetu ni kwelea kwelea, ndege mdogo anayekula kiasi cha gramu 10 za nafaka kwa siku na kuja kwa mawingu. Hakuna mtu anayemmaliza kwelea kwa bunduki na spika. Bata anakanyaga miche, anakula punje zilizoloa, hasara yake ipo, ila kumtumia yeye kama sababu ya kufungua milango yote ni kumbebesha mzigo wa mwingine.

Bi mwenye dungu

Nilidhani jambo limeniishia hapo, nikaandika rasimu ya marufuku kamili ya spika. Kabla ya kuipeleka nikaenda kumsomea mama mmoja ambaye shamba lake liko mkabala na mfereji. Nilimkuta juu ya dungu, kombeo mkononi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Soma nisikie."

Nikasoma. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza: "Na hii yangu nayo mtaichukua?" Akafunua kanga iliyokuwa kando yake, chini yake spika, ndugu kabisa ya ile tuliyoiokota. Mjukuu wake alimtia humo sauti ya mwewe na kelele za ndege walioshikwa. Huiwasha asubuhi na jioni, huihamisha kila baada ya siku mbili tatu kwa sababu ndege huizoea. "Zamani kuamia shamba hili kulitaka watoto watatu," akasema. "Sasa watoto wako shule. Nikae na kombeo peke yangu mpaka lini?"

Nimeirudia rasimu nzima kwa ajili ya swali lile. Kifaa ni kimoja. Kwa bibi kinawafukuza ndege wakiwa hai, kwa yule wa usiku kinawaita wafe. Pendekezo la pili, la kuzuia kila chenye betri, linamnyang'anya bibi spika yake na kumrudisha mtoto shambani wakati wa masomo. Watetezi wake wanasema litaandikwa "katika uwindaji tu". Sawa, lakini mwenye bunduki akikutwa na spika atasema alikuwa anaamia. Atamshinda vipi mgambo wetu?

Jibu ambalo nimelifikia ni kuacha kukihukumu kifaa na kuhukumu mkutano wa vitu viwili. Spika inayotoa sauti za ndege na silaha au mtego wa ndege visikutane katika shamba moja wala kando yake. Bibi hana bunduki, kwa hiyo hana kosa, asubuhi wala jioni. Mwindaji mwenye leseni akikutwa na spika, iwe inalia au imenyamaza, amekosa, na hakuna haja ya kubishana ilikuwa inamwita nani.

Mtu mmoja juu ya tuta

Kipimo changu cha mwisho ni hiki: mgambo mmoja, mguu kwa mguu, hana gari wala darubini ya usiku, anaweza kujua kwamba kanuni imevunjwa? Kanuni za nchi zenye maaskari wa wanyamapori, rejista na maabara tusizilete hapa nzima nzima.

| Kifaa | Mgambo anakijuaje | Kinachagua ndege? | Maoni yangu |
|---|---|---|---|
| Spika yenye sauti za ndege | Anaisikia toka mbali, hata usiku | Hapana | Kikatazwe palipo na silaha au mtego |
| Tochi na taa za kichwani | Anaziona | Hapana | Sheria mama imekataza |
| Bata wa mota | Anamwona mchana, akiwa karibu | Kwa kiasi, mwindaji anaona ndege | Angalia aina ya kijiji chako |
| Bata bandia asiyetikisika | Anamwona | Kwa kiasi | Aruhusiwe |
| Darubini za joto, droni | Si rahisi | Hapana | Zikatazwe zote |

Kwa kipimo hicho pendekezo la kwanza linaanguka. Ukomo wa idadi unahesabu ndege walio mfukoni. Hauhesabu aliyejeruhiwa akaenda kufia kwenye matete, wala yangeyange aliyeachwa matopeni. Mgambo hawezi kukagua mfuko wa kila gari linaloondoka alfajiri. La tatu linasimama vizuri zaidi ya yote: sauti inasikika, mwanga unaonekana. Sikio la mtu wa bondeni linatofautisha mluzi unaosafiri na mluzi ulioganda. Sikuhitaji chombo chochote usiku ule.

Kuhusu droni na darubini za joto sina mengi. Droni tayari inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Kuirusha juu ya dimbwi ili kuwainua bata waelekee kwenye bunduki ni kuwanyima hata sehemu ya kujificha. Darubini ya kuonea gizani inakuwaje na kazi halali, kama kuwinda kwa taa tayari kumekatazwa?

Nitoke pembeni kidogo. Kama wajumbe wangeniambia nichague jambo moja tu la kuzuia mwaka huu, kati ya bata wa mota na marisawa ya risasi, ningechagua marisawa. Kiswahili kimelihifadhi jambo hili ndani ya neno lenyewe: risasi ni jina la madini yale laini mazito, na ni sumu. Bata humeza vikokoto kwa ajili ya kusagia chakula kwenye firigisi, na punje ya marisawa chini ya maji haina tofauti na kikokoto. Marekani ilikataza marisawa ya risasi kwa uwindaji wa ndege wa majini nchi nzima mwaka 1991, na Umoja wa Ulaya ukafuata kwa maeneo oevu yake mwaka 2023. Sisi tunakunywa na kulima kwenye maji yale yale. Limeingia kwenye rasimu kama kifungu cha mwisho, na najua litapingwa, kwa kuwa risasi za chuma ni adimu madukani.

Kijiji chako ni cha namna gani?

Kama uko bondeni kwenye mpunga kama sisi, chukua pendekezo la tatu, uliongezee kile kifungu cha spika na silaha kutokutana. Bata wa mota unaweza kumruhusu mchana tu. Mimi binafsi ningemruhusu kwa mwaka mmoja, wazee wa dungu waeleze walichoona, kisha tuamue upya. Kuna wajumbe wanaotaka azuiwe kabisa, na hoja yao ya haki inanigusa: mota na betri ni za mwenye fedha, na ndege aliyezoea hila ya mabawa anamkwepa hata yule mwenye bata wa mbao aliyechonga mwenyewe. Ninawasikia. Bado naona kanuni fupi inayoshikika ni bora kuliko ndefu inayodharauliwa tangu wiki ya kwanza.

Kama uko upande wa bahari, kwenye mashamba ya chumvi na mikoko, usiige rasimu yetu. Kwenu, kuanzia Septemba hadi Aprili hivi, matope ya bamvua hujaa vitwitwi, sululu na wageni wengine waliotoka Ulaya na Asia ya kaskazini, wamekaa makundi makundi, aina tano sita mahali pamoja. Hakuna kifaa cha kuita kinachoweza kumchagua mmoja katika mkusanyiko ule, wala hakuna marisawa yanayoweza. Chukueni pendekezo la pili, tena bila kupunguza neno. Hakuna mkulima wa chumvi anayehitaji kuamia, kwa hiyo swali la bibi halipo kwenu. Na mikoko yenyewe ni hifadhi chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Shirikianeni nao kwenye doria.

Na kama mnapakana na Saadani, jueni kwamba tangu 2005 ile ni Hifadhi ya Taifa, na ndani yake hakuna uwindaji wa aina yoyote. Hatari yenu ni sauti inayovuka mpaka: mtu anakaa nje ya hifadhi kwa miguu michache, anawaita ndege watoke. Kwenu kifungu cha spika kiwe na umbali wa kutosha kutoka mpakani, na umbali huo mkauandike pamoja na askari wa hifadhi, wakiwa wamekaa nanyi.

Maneno tuliyoyaandika

Baada ya vikao vitatu, kifungu kikuu cha rasimu yetu kinasomeka hivi: "Ni kosa kwa mtu yeyote mwenye bunduki, gobore, upinde, wavu au mtego wa ndege kuwa na chombo kinachoweza kutoa sauti ya ndege iliyorekodiwa, ndani ya shamba, dimbwi au mfereji wa kijiji, au kando yake, iwe chombo hicho kinalia au la. Mkulima anayeamia shamba lake bila silaha wala mtego hahusiki." Kinachofuata ni bata wa mota kuwa halali kati ya jua kuchomoza na jua kutua. Kisha droni na darubini za joto, mstari mmoja. Kisha risasi.

Jambo moja halijatulia. Simu nayo ni chombo kinachoweza kutoa sauti ya ndege, na kila mwindaji anayo mfukoni. Hatuwezi kumkataza mtu kuwa na simu porini, anaweza kung'atwa na nyoka akahitaji msaada. Mjumbe mmoja anataka tuandike "spika iliyo nje ya simu". Mwingine anasema simu ikiwekwa ndani ya sufuria inalia vya kutosha kumwita bata, na alitujaribishia hapo hapo ofisini: ile sauti ilifika hadi barabarani. Mimi napendelea simu iwe kosa pale tu inapokutwa inalia mluzi, kwa kuwa hapo mgambo anategemea sikio lake. Mkutano mkuu ni mwezi ujao, bibi ameahidi kushuka kwenye dungu aje, na ile spika ya usiku ule itakuwa mezani.